Katekista na Watoto wa Kati

Jumapili nyingi Katekista wetu aligonga kengele kabla ya wakati. Kengele yenyewe ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mwarobaini nje ya kanisa, na mlio wake ulifika mpaka mashambani. Saa alikuwa nayo mkononi. Alikuwa akiitazama, anazunguka kanisa, anaitazama tena, kisha uvumilivu unamwishia, anakamata kipande cha nondo na kugonga. Watu wa Njinjo walimzoea. Waliokuwa bado wanaoga waliambiana kwamba hiyo ni ya furaha yake, wangoje ya ibada. Majirani zetu Waislamu walituuliza kwa utani kama leo tena kuna harusi.

Kanisa letu ni kigango, maana yake ni kanisa dogo la kijijini ambalo Padre hulifikia mara mojamoja. Siku nyingine zote anayeongoza ibada, anayefundisha, anayezika na anayesuluhisha ugomvi wa wanakwaya ni Katekista. Huyu wetu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyotangulia mwili wake kufika mahali. Alikuwa na baiskeli ambayo aliikokota zaidi kuliko kuipanda, kwa sababu akiipanda angempita mtu njiani bila kuzungumza naye, na hilo lilimshinda.

Alivyonipata mimi ni hivi. Nilikuja Njinjo kutoka Lindi mjini nikiwa nimeolewa na mkulima wa ufuta, na siku moja nilikuwa kisimani wakati watoto wa darasa la tano na la sita walipoanza kusukumana na ndoo zao. Niliwapanga mstari, nikamweka yule mkorofi kuliko wote kuwa msimamizi wa mstari, na kelele zikaisha. Katekista alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake akitazama. Hakunisalimia wala hakuniuliza jina.

"Wewe unafaa," alisema. "Jumapili uje mapema. Nina watoto wa kati na sina mtu."

Nilikuwa sijawahi kusikia watoto wa kati ni watoto gani. Alinieleza tukiwa njiani, huku anatembea haraka kiasi kwamba maji yalinimwagikia mabegani. Ni wale ambao wamekataa kukaa mkekani na wadogo kuimba nyimbo za kupiga makofi, lakini vijana wa kwaya nao hawawataki kwa kuwa bado wanachezacheza. Wana miaka kumi, kumi na mmoja, kumi na miwili. Ibada ikianza wanaingia, mahubiri yakianza wanatoka mmojammoja kwenda chooni, na hawarudi. Wazazi wanadhani wako ndani, sisi tunadhani wako nyumbani.

"Wadogo wana mkeka, vijana wana kwaya na ngoma kubwa," alisema. "Hawa wana nini?"

Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, sikuona jambo lililomsisimua kama hilo. Angeweza kusinzia kwenye kikao cha ukarabati wa paa, lakini mtu akitaja watoto wa kati macho yanafunguka, anavuta kiti mbele.

Kila mwanzo wa mwaka viongozi wa kigango walikaa kupanga malengo ya kila kundi. Nakumbuka kikao changu cha kwanza. Kwaya walitaka sare, akina mama walitaka masufuria makubwa ya sherehe. Ilipofika zamu ya watoto, mwenyekiti wa kigango, mzee mpole anayependa mambo yaende kwa utaratibu, alisema tuandike kama kila mwaka: kuwalea watoto katika maadili mema. Watu wakatikisa vichwa kukubali, kalamu zikainama. Katekista akasimama.

"Mwenyekiti, Krismasi ikifika tutajuaje kama tumewalea?"

Nje ya dirisha alikuwa amekaa binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, Anjela, anamsubiri mama yake. Katekista akamwonyesha kwa kidole.

"Yule pale. Semeni Krismasi atakuwa anaweza kufanya nini ambacho leo hawezi. Mkishindwa kumwambia kwa pumzi moja na yeye akaelewa, basi hatuna lengo, tuna maneno."

Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba watoto hawapangiwi kama shamba. Akapendekeza kundi lenyewe livunjwe na watoto hao warudi mkekani mpaka watakapokua, maana walimu hawatoshi na chumba hakipo. Ndipo nilipomwona Katekista akikasirika kwa mara ya kwanza, na hasira yake ilikuwa ya ajabu, ilikuwa ni kama furaha iliyozuiwa mlangoni. Alisema chumba kipo, ile nyumba ya Padre iliyoishia kwenye lenta bila kuezekwa, na walimu wapo, akanitaja mimi ambaye nilikuwa sijafundisha hata Jumapili moja. Akapewa mwaka mmoja wa majaribio. Tulitoka pale yeye akiwa anapiga paja na kucheka kama aliyeshinda mechi.

Mechi nazo alizipenda, na redio yake ndogo aliifunga kwenye usukani wa baiskeli. Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Alitufundisha kupanga wakati, ilhali ufuta wake ndio uliokuwa wa mwisho kupaliliwa Njinjo nzima, na mkewe alilisema hilo mbele za watu bila kuficha. Alichukia vikao, lakini yeye ndiye aliyeviitisha vingi kuliko mtu yeyote. Alikuwa hawezi kuimba. Sauti ile kubwa haikujua kupanda wala kushuka, na bado ndiye aliyeanzisha nyimbo zote, sisi tukawa na kazi ya kuutafuta wimbo alioukusudia. Watoto walimpenda kwa hilo hasa. Mtoto aliyeogopa kukosea alimsikia Katekista akikosea kwa nguvu zote mbele ya kanisa zima, kisha anaendelea na ubeti wa pili.

Lengo letu la kwanza lilishindikana vibaya. Alikuwa ameamua kila mtoto ahifadhi zaburi moja ndefu, na mpaka Pasaka waliikariri kama jedwali la kuzidisha, bila kujua wanamwambia nani. Mimi nilitaka tuwasukume wafike mwisho, kwa sababu tulikuwa tumeahidi. Yeye aliingia ibadani Jumapili hiyo akawatangazia waumini kwamba lile lengo halifai na amelitupa. Alisema hivyo hivyo, amelitupa, na anatafuta jingine. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Nilidhani Katekista ataona haya, lakini mchana huo alikuja kwetu amechangamka kuliko siku zote, anataka tukawaulize watoto wenyewe.

Tuliwauliza ndani ya ile nyumba isiyo na paa, wamekaa juu ya matofali. Walitaka mengi. Kuendesha baiskeli ya Katekista. Kwenda Kilwa Masoko kuiona bahari, maana wengi walikuwa hawajaiona ingawa wamezaliwa wilaya hiyohiyo. Wa mwisho alikuwa Anjela, akasema anataka asiogope kuingia chumbani kwa bibi yake. Bibi alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, chumba kina harufu, na usiku anaguna. Kila akitumwa kumpelekea uji, Anjela huuacha mlangoni na kukimbia.

Wenzake hawakumcheka. Mmoja akasema hata yeye babu yake anamtisha, kwa sababu haoni na huwashika watu usoni. Mwingine akasema wake. Nilimtazama Katekista, nikaona machozi na meno kwa wakati mmoja.

"Basi ndilo hilo," alisema. "Mpaka Krismasi kila mmoja wenu awe na mzee mmoja asiyemwogopa."

Kazi ilianza wiki hiyo. Kila mtoto alichagua mzee, akawa anakwenda kwake mara mbili kwa wiki, anamsalimia, anamtekea maji, anakaa kidogo ndipo anaondoka. Kukaa ndiko kulikuwa kugumu. Katekista aliwafundisha kukaa kama anavyofundishwa mtu kuogelea, kwanza kidogo, kisha zaidi. Aliwaambia waulize jambo moja kila safari na wamletee jibu. Jumapili nyumba ile isiyo na paa ilijaa habari. Mzee fulani alikuwa fundi wa kutengeneza vinu. Bibi fulani huwa anazungumza Kimatumbi akiwa amechoka, Kiswahili kinamkimbia. Watoto walikatizana maneno, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Anjela, baada ya kuzoea chumba cha bibi yake, aliongeza mzee wa pili bila kumwambia mtu. Alikuwa Bi Mwanahawa, jirani yao, Mwislamu, aliyepooza miguu. Mtoto wake wa kiume, mkulima, alipomkuta binti wa kanisani ameketi na mama yake, alikuja kwa Katekista na uso mzito. Hakutukana. Alitaka tu kujua kanisa linatafuta nini nyumbani kwake.

Katekista alinitaka tufuatane. Kufika alipiga hodi, akatoa salamu, "Asalaam alaikum," akakaa kwenye jamvi alipoonyeshwa. Nilitegemea atoe maelezo marefu ya malengo yetu, kwa jinsi alivyoyapenda. Badala yake alisema kwamba kuna watoto wanajifunza kutowaogopa wazee, na mmoja wao amempenda mama wa nyumba hii. Kama haifai, binti hatakuja tena, na yeye Katekista anaomba radhi.

Bi Mwanahawa akasema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo, "Mwacheni aje. Huyo ndiye anayenikuna mgongo."

Wakakubaliana. Anjela angekuja, asiimbe nyimbo za kanisa humo ndani, na saa ya swala amsogezee bibi maji ya udhu. Mwezi haukuisha, wajukuu wa Bi Mwanahawa nao wakaanza kuwatekea maji wazee wengine pamoja na watoto wetu. Padre alipokuja na kuuliza kundi lina watoto wangapi, Katekista alikuna kichwa akasema inategemea, unahesabu wa Jumapili au wa wiki nzima.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Mto Matandu ulijaa, na asubuhi moja tuliamka tukakuta maji yamevuka mashamba ya bondeni na yanapanda kuelekea nyumba. Mwenyekiti wa kijiji alipiga mbiu watu wahamie shuleni, kule juu. Kulikuwa na vurugu, kila mtu na mtoto mgongoni na godoro kichwani, na katika kukimbia namna hiyo anayesahaulika ni yule asiyeweza kupiga kelele.

Katekista aliogopa maji maisha yake yote. Hata daraja alilivuka akiwa ametazama mbele tu. Siku hiyo nilimwona amesimama barabarani, peku, suruali imekunjwa magotini, watoto wa kati wamemzunguka, na vijana wenye nguvu wa kijiji, Wakristo na Waislamu, wako mbele yao wanangoja kuambiwa. Watoto ndio waliosema. Babu asiyeona hujifungia kwa ndani, mlango wake unafunguliwa kwa nyuma. Bibi wa kule mwishoni hasikii, usimwite, mshike mkono. Bi Mwanahawa abebwe na kiti chake, akishikwa miguu anaumia. Mtoto akitaja, vijana wawili wanaondoka. Babu asiyeona alibaki bila kijana wa kumtoa, na Katekista akaingia majini mwenyewe. Maji yalimfika kiunoni. Alikuwa anaongea bila kukoma, nadhani ili asiyasikie maji, na alirudi amembeba mgongoni, yule babu amemshika usoni kwa mikono miwili.

Mchana shuleni wazee wale wote walikuwa wameketi kwenye madawati ya darasa la kwanza wanakunywa uji. Hakukosekana hata mmoja. Nyumba zilianguka, mahindi yalikwenda na maji, tulipata shida miezi mingi baada ya hapo, lakini siku ile kulikuwa na shangwe ambayo sijaweza kumweleza mtu asiyekuwepo. Anjela alikuwa anapita kati ya madawati na jagi la uji. Katekista amekaa sakafuni, amelowa, anacheka peke yake.

Msidhani mwenyekiti wa kigango aligeuka akawa mtu wetu. Aliwashukuru watoto mbele ya kanisa, na Jumapili iliyofuata akasema kelele za nyumba ya Padre zinavuruga mahubiri. Lakini habari ya kulivunja kundi haikuzungumzwa tena, na mwaka huo watu waliezeka chumba kimoja cha nyumba ile.

Miaka ilipita. Mkewe Katekista alifariki, magoti yake yakachoka, akastaafu na kuhamia kwa binti yake huko Rondo. Mimi nikabaki na watoto wa kati, na mwaka huu parokia ikaniomba nipange malengo ya watoto wa umri huo katika vigango vyote. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Niliyaandika vizuri, nikaona lazima yeye ayasikie kwanza, nikafunga safari mpaka Rondo. Nilifika jioni nimejaa vumbi jekundu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ileile ambayo iliwafanya kuku wa uani watawanyike.

Asubuhi yake tulikaa barazani. Binti yake alikuwa jikoni, kuku ameshachinjwa kwa heshima yangu. Nilimweleza malengo. La kwanza, ambalo Njinjo tulikuwa tumeshalianza tangu mwanzo wa mwaka, lilikuwa kwamba mpaka Krismasi kila mtoto aweze kuomba kwa sauti mbele ya watu, kwa maneno yake mwenyewe. Alilipenda, akanitaka nilirudie. Kisha akauliza tangu tulipolianza huko Njinjo nani ameacha kuja.

Nilisema watoto wanaongezeka, si kupungua.

"Nani ameacha kuja, binti?"

Nikafikiri. Nikasema kuna mmoja, Veronika, wa miaka kumi na miwili. Alikuwa haji tangu mwezi wa pili na nilichukulia kwamba amechoka tu, kama wanavyochoka. Akauliza ni mtoto wa namna gani. Nilisema ni mkimya, mwenye akili, ana kigugumizi.

Nikajisikia nikilitamka neno hilo.

Halafu Katekista akaniambia kitu ambacho katika miaka yote ile hakuwahi kukitaja. Yeye mwenyewe alipokuwa na umri huo aliacha kanisa. Mwalimu wao alitaka kila mtoto aimbe peke yake mbele ya wenzake, alipoimba yeye walicheka, na Jumapili iliyofuata akaenda kuwinda ndege. Akaenda kuwinda ndege mpaka alipokuwa kijana wa kuoa.

"Si kucheka kulikoniweka nje," alisema. "Nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu anakuja nyumbani kuniuliza. Nilisikiliza muda mrefu."

Nilisema nikirudi nitakwenda kwa Veronika. Akaniuliza nitarudi lini. Nilisema kesho, baada ya kupumzika. Alishika fimbo, akainuka kwa shida, akaanza kumwita kwa nguvu kijana wa bodaboda upande wa pili wa barabara.

Binti yake alitoka na mwiko mkononi. "Baba, unamfukuza mgeni na chakula hakijaiva?"

"Atakula siku nyingine. Huyu ana safari."

Alikuwa ameshachukua begi langu. Uso wake ulikuwa unang'aa na fimbo inagonga sakafu. Binti yake alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko, akaniomba nimsamehe baba yake, na mimi nikashindwa kumjibu kwa kicheko. Nilipanda pikipiki, nikashuka mlima, nikapata gari la Lindi, kutoka Lindi nikapata la Nangurukuru, na pale nikachukua bodaboda ya Njinjo. Mihogo nilimpa mtoto aliyekuwa analia ndani ya gari. Njia nzima nilikuwa na haraka kama niliyeitwa.

Sikupitia kwangu. Nilishukia kwa kina Veronika, jua bado liko juu ya paa. Alikuwa uani anapepeta ufuta. Aliponiona alisimama, akaangalia mlango kama anayetaka kumwita mama yake, kisha akasema shikamoo, ikamchukua muda.

Niliitikia. Nilimwambia nimekuja kumwona yeye, si mama. Nilimwambia lile lengo nililoweka halikuwa lake, na kwamba nataka achague mwenyewe: mpaka Krismasi anataka awe anaweza nini.

Aliweka ungo chini. Alifungua mdomo na neno halikuja. Shingo ilikaza, macho akayafumba. Nilikuwa na vumbi la wilaya mbili na njaa ya tangu asubuhi, na neno nililolidhania lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu kumsaidia. Nikalimeza. Nikavuta kinu kilicholala pale uani, nikakikalia, nikamngoja.

"K-k-kupiga ngoma," alisema Veronika. "Ile k-kubwa."